Kifaa Namba Tisa

Jumatatu, 2 Machi

Ninaandika katika daftari la barua za rejista ambalo posta walitaka kulitupa siku niliyostaafu. Lina safu ya "Imetoka wapi", ya "Inakwenda wapi" na ya "Maoni". Nitatumia ya maoni. Wenzangu waliniaga kwa keki na wakaniambia nitachoka kukaa bure, lakini hata miezi miwili haijaisha na nyumba imekwisha kunipa kazi.

Ijumaa iliyopita binti yetu wa mwisho, Kitinda, alifanyiwa usaili kwa video. Anaomba kazi ya mkalimani wa lugha ya alama katika hospitali kubwa. Wasaili walikuwa watatu, wawili kati yao viziwi, na katika usaili wa namna hiyo hakuna sauti, mikono ndiyo inayosema. Alipofika swali la pili mvua ikaanza, antena yetu ya paani ikazidiwa na picha ikaganda. Kwa dakika sita wasaili walimtazama Kitinda akiwa ameinua mikono yote miwili, mdomo wazi, kama mtu aliyekutwa anaruka ukuta. Na yeye huku alikuwa akijieleza kwa ufasaha wote, maskini.

Wamempa nafasi ya pili: Jumatano, tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi. Ya tatu haipo, wamesema wazi.

Mvua nazo ndiyo kwanza zimeanza.

Alhamisi, 5 Machi

Fundi wa mtandao amekuja, amepanda paani, ameshuka, amesema antena haina tatizo.

"Mzee, tatizo ni nyumba," akasema. "Njia yenu ni nyembamba na mvua ikinyesha inazidi kuwa nyembamba. Na nyinyi mnaingia wote kwa pamoja."

Akanifungulia ukurasa wa ruta kwenye simu yangu. Kumbe kile kisanduku chenye taa za kijani kina utawala wake! Kuna orodha ya vifaa vyote vinavyotumia mtandao wa nyumba. Ukikipa kifaa kipaumbele, chake kinapita kwanza na wengine wanasubiri. Ukikiwekea kikomo cha kasi, hata mwenyewe akilia hakipati zaidi ya hapo.

"Umeelewa, mzee?"

Nikamtazama. Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya vijisanduku vya posta, nikiamua barua ipi iondoke na gari la asubuhi na ipi ilale. Ananiuliza kama nimeelewa!

Ijumaa, 6 Machi

Nimeandika madaraja na kuyabandika jikoni. Daraja la Kwanza, Barua za Haraka: laptopu ya Kitinda. Daraja la Pili, Rejista: simu ya Kitinda. Daraja la Tatu, Kawaida: simu ya mke wangu, na simu na kompyuta ya mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, mwalimu wa mazoezi ya viungo. Daraja la Nne, Magazeti na Vifurushi: televisheni, na simu na tableti ya Mama.

Mama ni mama mkwe wangu. Anakaa nasi mwaka wa saba sasa, na tunaheshimiana kiasi kwamba ujumbe wa chumvi mezani hupitia kwa mke wangu.

Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alisoma tangazo huku ameshika mkasi.

"Baba Kitinda, mimi ni daraja la tatu?"

"La Kawaida. Si baya."

"Nimekuzalia watoto wanne, halafu unanipanga na mwalimu wa kuruka kamba."

"Na wewe uko wapi hapa?" akauliza tena, akipitisha kidole kwenye karatasi.

Nikamweleza kwamba mimi simo kwenye orodha, mimi ndiye mwenye orodha. Mpanga barua hana kijisanduku.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Nimeweka kwenye simu yangu programu ya kupima kasi ya mtandao. Ukibonyeza, inavuta na kusukuma kwa nguvu zake zote nusu dakika, halafu inakupa namba. Namba ni ndogo.

Jumanne, 10 Machi

Namba ni ndogo.

Jumatano, 11 Machi

Nimegundua programu inaweza kupima yenyewe kila baada ya dakika tano, mchana kutwa, bila hata mimi kuigusa. Nimeiwasha. Sasa nina takwimu.

Jumamosi, 14 Machi

Malalamiko mawili.

La kwanza, mke wangu alikuwa anafuata video ya kushona kola ya aina mpya. Video ikakwama katikati, akaendelea kwa kukisia. Mteja amekuja kuchukua gauni, kola iko vizuri kabisa, isipokuwa imeshonwa kwenye mkono wa kushoto.

La pili, mwalimu wa mazoezi alikuwa akiwafundisha watu kumi na wanne kwa video, kila mtu nyumbani kwake. Akachuchumaa, picha ikaganda. Yeye akasimama akaendelea na mazoezi ya mabega, wao kule wanamwona amechuchumaa. Watu wazima kumi na wanne walibaki wamechuchumaa dakika nne, wakidhani ndilo somo. Mmoja hadi leo anashuka ngazi kwa kurudi nyuma.

"Mzee, nilikuwa nimezoea kukwama wakati wa mvua tu," mwalimu akasema. "Siku hizi nakwama hata jua likiwaka. Kila baada ya muda mfupi, kama saa."

Nikamwambia hicho ndicho ninachokichunguza.

Jumatatu, 16 Machi

Orodha ya ruta haina majina, ina namba tu. Nimeamua kuvitambua vifaa vyote kisayansi. Nilikaa sebuleni nimefungua orodha kwenye simu, nikawa naita kwa sauti: "Zima televisheni!" Mstari mmoja ukatoweka, nikauandikia jina. "Zima simu ya Mama!" Mwingine ukatoweka. Nilikwenda hivyo hadi nikamaliza nyumba nzima. Nimepata vifaa saba.

Zikabaki namba mbili. Namba nane ni laptopu ya Kitinda, aliyekuwa akijifunza na sikutaka kumsumbua. Namba tisa si ya mtu yeyote.

Nimeuliza kila mmoja. Hakuna anayeijua. Na namba tisa ndiyo inayokula kuliko wote! Inakaa kimya dakika kadhaa, halafu inafumuka na kumeza mtandao mzima, kisha inatulia tena. Huyo ni mtu mjanja. Anaiba kwa ratiba.

Alhamisi, 19 Machi

Jirani wa ukuta wa pili alinisalimia leo kwa uchangamfu uliopita kiasi. Nimeandika.

Jumatatu, 23 Machi

Nimechukua hatua. Saa tatu asubuhi nilibonyeza namba tisa, nikachagua "Zuia".

Papo hapo mtandao ukakatika kwenye simu yangu. Yangu peke yake! Wengine wote wanapeta. Yaani mwizi amejua ni nani aliyemzuia na amelipiza kisasi ndani ya sekunde moja. Jasho lilinitoka. Ilibidi nibonyeze kile kitufe kidogo cha nyuma ya ruta kwa sindano ya mke wangu, kila kitu kikafutika, nikaanza kupanga madaraja upya tangu mwanzo.

Nilimsimulia mke wangu. Alisikiliza huku amebana pini mdomoni, kisha akasema labda mwizi huyo ananifahamu vizuri. Hata mimi ndivyo ninavyohofia.

Ijumaa, 27 Machi

Nimebadili neno la siri. Namba tisa imerudi ndani ya dakika moja, kabla hata ya mke wangu kuliandika neno lenyewe.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Nimepata mlaji wa pili, na huyu namjua.

Kila siku saa kumi kamili jioni, tableti ya Mama inaanza kuvuta, na inavuta saa nzima. Nimepita mlangoni kwake mara tatu kuhakikisha. Mlango umefungwa, ndani kimya, hakuna hata kikohozi. Anatazama tamthilia, hakuna kingine, tena ameweka visikizio masikioni. Kabla ya kustaafu nisingejua, saa kumi nilikuwa bado kazini.

Mtoto anatafuta kazi ya maisha yake, na mama mtu mzima anashinda na watu wa kuigiza wanaopendana kwenye ngazi. Sikatai burudani. Lakini saa kumi ndipo Kitinda hufanya mazoezi na mwenzake kwa video.

Nimemwekea Mama kikomo cha kasi, saa kumi hadi saa kumi na moja. Kidogo tu. Sikumwambia mtu. Huwezi kumwendea mama mkwe na kumwambia umepunguza tamthilia yake.

Ijumaa, 3 Aprili

Mazoezi ya Kitinda yameenda vizuri zaidi. Nimeridhika na nafsi yangu.

Jumanne, 7 Aprili

Mama ametoka chumbani saa kumi na moja macho mekundu. Tamthilia imemliza. Afadhali nampunguzia.

Jumamosi, 11 Aprili

Mama hali chakula vizuri. Mke wangu anasema ana jambo, hataki kulisema.

Nimemkumbuka Mama wa zamani. Mdogo wake, tunayemwita Mama Mdogo, ni kiziwi tangu akiwa na miaka mitano na anaishi mbali, mwendo wa siku mbili. Ndiye aliyemfundisha Kitinda lugha ya alama, kila likizo tulipompeleka kwake. Kwa miaka mingi Mama Mdogo alikuwa akimwandikia dada yake barua kila wiki, kwa mwandiko ulioinama kulia kama unapanda mlima. Nilikuwa naziona mara tu gunia linapomwagwa mezani. Sikuziacha zisubiri zamu. Kila ikija nilitia saini, nikaiweka ndani ya koti, na jioni nikampa Mama kwa mikono miwili. Alikuwa akisema, "Ahsante, mkwe wangu." Kwa wiki nzima hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalitutosha.

Miaka miwili iliyopita barua zilikoma. Sikuuliza. Nilidhani mikono ya Mama Mdogo imechoka, au wamekosana. Kiziwi naye hawezi kupigiwa simu. Tangu hapo mimi na Mama tumebaki na chumvi tu.

Jumatatu, 13 Aprili

Namba tisa bado yupo. Nimemwekea kikomo badala ya kumzuia, nione. Leo simu yangu imekuwa nzito mpaka basi. Ananikomoa. Nimemwondolea.

Alhamisi, 16 Aprili

Mwenzangu wa dirisha la tatu amenipigia kutoka posta.

"Mzee wa Haraka, kuna kitu chako hapa. Nimekiona nikasema hiki hakingoji."

Nilitembea kwenye mvua na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Mwenzangu akaitoa bahasha chini ya kaunta. Mwandiko unapanda mlima. Nilifurahi, sijui niseme nini, nilifurahi kama mtoto. Nikaiweka ndani ya koti, upande wa moyo, palepale pa siku zote.

Mama alikuwa varandani kwenye mkeka akichambua mchele. Nilimpa kwa mikono miwili. Alipouona mwandiko ule, uso haukufurahi. Aliivunja bahasha, akasoma, akaweka ungo chini, akaanza kulia mbele yangu. Nikataka kukimbia. Akaninyooshea karatasi.

"Soma, mkwe wangu. Usome wewe, unieleze nimemkosea nini huyu mtoto."

Nimeinakili hapa, ili adhabu yangu ikae kwenye daftari:

"Dada, kama umenichoka sema. Miaka miwili kila siku saa kumi tumekaa pamoja na kuzungumza, nami nilisema Mungu ametuletea kitu kizuri uzeeni. Sasa ni siku ya kumi. Ninakusalimu, unanitazama tu. Ninakueleza kuhusu jicho langu, unanitazama tu, mkono hunyanyui. Jana nilikuambia daktari amesema nini, na wewe ukakaa umebetua midomo kama unayenusa kitu. Kama ni kile kitenge, nitakirudisha. Mimi sitapiga tena."

"Na mimi namwona yeye vivyo hivyo!" Mama akasema. "Ananuna! Namuuliza jicho linaendeleaje, amenikodolea macho, kimya, nusu saa. Nikasema basi, na mimi nitanuna."

Nikakaa kwenye kigoda cha Mama, jambo ambalo sijawahi kufanya. Kumbe hakuna tamthilia. Kumbe chumba kile kilikuwa kimya kwa sababu watu wawili walikuwa wakizungumza kwa mikono! Mimi, baba wa mkalimani wa lugha ya alama, nilisimama mlangoni mara tatu, nikasikia kimya, nikasema hakuna mtu.

Na wale wazee wawili, kila mmoja akiitazama picha iliyoganda ya mwenzake, wameamini wamenuniwa.

Nilimwambia Mama kila kitu: ruta, kikomo, tamthilia. Nilisema nikitazama mchele.

"Kwa hiyo hakunuma... hakununa?" Sauti ilimtetemeka hata neno likamponyoka.

"Hakununa, Mama. Nilimpunguza mimi."

"Na mimi nilikuwa nimebetua midomo?"

"Picha iliganda, Mama, ukiwa hivyo."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Akasema tu, "Nenda kaniondolee hicho kitu, mkwe wangu. Halafu uje unisaidie kumweleza, maana mimi sitaweza. Atasema namtungia."

Jioni, siku hiyohiyo

Mama Mdogo alikataa kupokea mara nne. Ya tano akapokea, uso umefungwa. Kitinda akaeleza kwa mikono. Mama Mdogo akatazama, akatazama, kisha akaninyooshea kidole kupitia kioo na kusema kitu kirefu sana kwa mikono yote miwili.

"Anasemaje?" nikauliza.

Kitinda akafikiri kidogo. "Anakusalimia, baba."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mke wangu alipofika na kusikia, alichouliza ni kimoja tu: "Kwani wewe hukujua wanaongea kila siku?" Nyumba nzima ilijua. Hakuna aliyenificha, ila hakuna aliyeona ni habari.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimebadili tangazo la jikoni. Saa kumi hadi kumi na moja jioni: tableti ya Mama, Daraja la Kwanza, pamoja na laptopu ya Kitinda. Nimetia saini na muhuri. (Muhuri ni wa posta, nao walitaka kuutupa.)

Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Namba ni ndogo.

Jumatano, 29 Aprili

Imebaki wiki moja. Kitinda ameacha kula mchana. Anafanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, mikono inakwenda haraka, na mara nyingine anasimama katikati na kujitazama, mikono juu, kama siku ile. Nimemwona. Nilijifanya natafuta kandambili.

Namba tisa bado anakula kila baada ya dakika tano. Nimemkagua jirani kwa kisingizio cha kuazima ngazi. Hana hata simu ya kioo.

Jumanne, 5 Mei

Kesho. Nimewakusanya wote sebuleni na kuwasomea utaratibu. Kuanzia saa nne kasoro robo, kila kitu kizimwe isipokuwa laptopu ya Kitinda. Mwalimu wa mazoezi amewahamishia watu wake kesho kutwa. Mke wangu ameapa kutogusa simu. Mama amesema hata taa atazima.

Kitinda akaniuliza, "Baba, na kama ikiganda tena?"

Nilitaka kusema haitaganda. Nikasema, "Nitakuwa pale pale kwenye ruta, mwanangu."

Jumatano, 6 Mei

Naandika haraka nisije nikasahau, kwa hiyo mwandiko huu unapanda mlima.

Saa nne kasoro dakika tano mvua ilishuka kwa ndoo. Saa nne kamili wasaili wakaandika kwamba huko kwao pia hali ni hiyo, tusogeze hadi saa kumi jioni.

Saa kumi! Nikamtazama Mama. Saa yenyewe. Baada ya wiki mbili za kununiana, baada ya barua, baada ya muhuri.

"Leo saa kumi ni ya mjukuu wangu," Mama akasema kabla sijafungua mdomo. "Lakini nimuage kwanza. Nikitoweka tu atasema tumerudi kulekule."

Akampigia mdogo wake saa tisa na nusu. Kuaga kulichukua dakika ishirini na tano, kwa sababu Mama Mdogo alitaka kujua Kitinda amevaa nini, kisha akataka kuliona vazi lenyewe, kisha akaagiza libadilishwe, maana maua mengi yanamchanganya anayesoma mikono. Kitinda akavaa blauzi nyeusi. Saa kumi kasoro dakika tano Mama akazima tableti.

Saa kumi usaili ukaanza. Kitinda sebuleni, sisi wengine kwenye ukumbi mwembamba wa kuelekea jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo. Mvua juu ya bati. Nikafungua orodha ya ruta kwenye simu. Vifaa viwili: laptopu ya Kitinda, na namba tisa.

Mke wangu, aliyekuwa akichungulia, akanong'ona, "Wanafinya macho. Wanamsogelea kama hawamwoni vizuri."

Nikatazama grafu ya matumizi kwenye ukurasa wa ruta. Namba tisa amefumuka.

Jamani, nilipandwa na wazimu. Nilikwenda chumba cha nyuma, mwalimu amekaa kitandani mikono magotini, kila kitu kimezimwa. Nilipanda kwenye ngazi ya jirani, ambayo sijairudisha, nikachungulia ukuta wa pili. Nikaona kuku. Nikazunguka nyumba nikiwa na mwavuli mkono mmoja na simu mkono mwingine, nikimtazama mwizi anavyotulia na kufumuka, anatulia na kufumuka, ananifuata kila niendako kwa nguvu ileile. Nikarudi ndani nikichuruzika maji.

"Imeganda," mke wangu akasema. Alikuwa ameziba mdomo.

Nilichungulia. Wasaili walikuwa wameganda kwenye kioo, na mwanangu mbele yao ameinua mikono, kama siku ile.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka. Akanitazama mimi, si usoni, chini kidogo.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "katika nyumba hii nani bado ana kitu kinachowaka mkononi?"

Nilitazama mkono wangu.

Siwezi kueleza kilichonipata hapo. Miezi miwili yote ilipita kichwani kama gunia la barua linapomwagwa mezani, na kila barua ina jina langu.

Mama akanyoosha mkono. Miaka thelathini ya ukwe, nimempa vitu kwa mikono miwili, sijawahi kunyang'anywa kitu. Akaichukua simu, akabana kitufe cha pembeni kwa kidole gumba, akakibana na kukibana, mpaka kioo kikawa cheusi.

Tukasubiri. Mvua ilikuwa vilevile.

"Wameketi vizuri," mke wangu akanong'ona. "Yule wa kati anaitikia kwa kichwa. Anamwambia aendelee."

Nikasogea mlangoni. Mikono ya Kitinda ilikuwa inakwenda, haraka, laini, haikatiki. Sikuelewa hata neno moja. Mama alisimama nyuma yangu na kuanza kunitafsiria sikioni, jambo ambalo nalo halijawahi kutokea.

"Wamemuuliza alijifunza wapi. Anasema kwa bibi yake mdogo. Anasema... subiri, anakwenda mbio. Anasema alipokuwa mtoto alidhani kila familia ina mtu wa kazi hiyo. Mmoja haongei, mmoja yuko mbali, na mmoja katikati anabeba." Mama akanisogelea zaidi. "Anasema baba yake alifanya kazi posta. Barua ya bibi yake mdogo haikulala posta hata siku moja. Anasema ukalimani aliuona kwanza kwenye koti la baba yake."

Nikasema mvua imeniingia machoni. Hakuna aliyenibishia.

Alhamisi, 7 Mei

Uchunguzi wa mwisho, kwa simu ya mke wangu. Simu yangu imezimwa: vifaa vinane. Simu yangu imewashwa: vifaa tisa. Imezimwa: vinane. Mke wangu alicheka mpaka akakalia vitambaa vya mteja.

"Kwa hiyo ulijizuia mwenyewe, halafu ukasema umelipiziwa kisasi?"

Nimefuta programu ya kupima kasi. Nimemrudishia jirani ngazi na kumwomba radhi, bila kumwambia ya nini.

Mwalimu wa mazoezi anasema hajakwama tangu asubuhi. Mvua inanyesha vizuri tu.

Ijumaa, 15 Mei

Kitinda amepata kazi! Ujumbe ulikuja kwa simu. Mimi nilikuwa nategemea bahasha, lakini nimenyamaza. Alimpigia Mama Mdogo kwanza, kisha akatuambia sisi. Ni haki yake.

Mama amechukua kalamu na kuongeza mstari kwenye tangazo la jikoni. Daraja la Nne, Magazeti na Vifurushi: "Namba tisa (Baba)." Kikomo cha kasi kakipanga yeye. Nimegonga muhuri.

Jumatano, 20 Mei

Leo haikunyesha. Saa kumi Mama alifungua mlango wa chumba chake na kuniita kwa jina la ukwe, njoo na wewe usalimie.

Kitinda alikuwa amenifundisha wiki nzima maneno mawili, "barua" na "imefika". Nilikaa kando ya Mama mbele ya tableti. Nikamwonyesha Mama Mdogo neno la kwanza. La pili likanitoka kichwani, mikono ikabaki hewani.

Mama Mdogo hakutikisika. Alinitazama moja kwa moja, mdomo wazi kidogo, hapepesi. Nikajua tayari: imeganda. Nikaanza kuinuka niende kwenye ruta.

Mama akanishika mkono, akanikalisha.

"Haijaganda, mkwe wangu. Anakusubiri umalize."